Njia Fupi Ndiyo Inayotupotezea Pakiti

Historia ya mitandao isiyo na mnara mnaijua, sitairudia. Vifaa vinabebeana ujumbe vyenyewe, umekatwa vipande viitwavyo pakiti, na vyote vinatembea. Mimi nimekuja na ugomvi wangu uleule, na walionisikia mwaka jana wanivumilie. Ugomvi wangu ni huu wa kuchagua njia kwa kuhesabu miruko, yaani mara ngapi ujumbe unaruka kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Itifaki ya AODV, yaani kanuni za vifaa kutafutiana njia, ile ya waraka wa RFC 3561 wa mwaka 2003, ikitaka njia hupiga ukelele: nani anamjua fulani? Majirani wanaurudia, na kwa kawaida njia yenye miruko michache ndiyo inayochukuliwa. Mtu akisikia hivyo anaona ni busara. Haya, twende uwanjani.

Tulikuwa na kompyuta tatu. Moja niliishika mimi barazani, ya pili tuliiweka kwenye kibanda cha mlinzi, ya tatu aliibeba kijana wetu mmoja akielekea getini. Tulikuwa tunazungumza kupitia mtandao wetu wenyewe. Alipokaribia mwarobaini, sauti ikaanza kukatika: "Mwa... nasi... ha..." Natazama jedwali la njia, naona mruko mmoja, moja kwa moja hadi kwake. Ya kibandani imekaa bure, haina kazi! Nikampungia mkono arudi. Yeye akaelewa kinyume, akazidi kwenda. Hatua kama thelathini hivi mbele, sauti ikatakata kama yuko pembeni yangu.

Ndiyo, alipokwenda mbali zaidi ndipo tukasikilizana. Mnacheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Kilichotokea ni hiki. Salamu za majirani, zile za kusema "nipo", ni vipakiti vidogo, vinatangazwa kwa wote kwa kasi ndogo, megabiti 1 au 2 kwa sekunde, na hakuna anayetakiwa kujibu kwamba amepokea. Kwa hiyo zinafika mbali. Data yenyewe ni pakiti nene, inakwenda kwa megabiti 11, na kila moja lazima irudishiwe stakabadhi. Pale kwenye mwarobaini salamu zilipita, mzigo haukupita. Redio inajaribu tena na tena, inakata tamaa, AODV inatangaza njia imevunjika, inapiga ukelele upya, na ukelele nao ni tangazo! Unapita palepale, tunarudishiwa njia ileile mbovu. Kijana alipovuka mpaka wa salamu, itifaki ikakosa ujanja, ikapitia kibandani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliueleza ukanda huu mwaka 2002, wakauita wa kijivu.

Dawa yake ni kuhesabu urushaji, yaani pakiti inarushwa mara ngapi mpaka ifike na stakabadhi irudi, siyo miruko. De Couto na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walituonyesha mwaka 2003. Kiungo kinachopitisha nusu ya pakiti kwenda na nusu kurudi kinafanikiwa robo tu ya mara, kwa hiyo kinakula urushaji 4 kwa kila pakiti inayofika. Viungo viwili vya tisa kwa kumi, kwenda na kurudi, vinakula chini ya 2.5 kwa jumla. Miruko miwili imeushinda mmoja! Hesabu ya darasani hii, mnaiogopea nini?

Najua yule pale nyuma ana jambo: "Mwalimu, vifaa vinatembea, kipimo kitachelewa." Kweli. Kipimo hicho hurusha vipakiti vya majaribio kila sekunde na kuangalia sekunde 10 zilizopita, na katika sekunde 10 bodaboda imeshapotea machoni. Draves na wenzake wa Microsoft mwaka 2004 walipima mtumaji anayetembea, na kuhesabu miruko kukashinda. Nakubali. Ila vilivyoshindwa ni vipimo vizito vya kuchelewa, siyo wazo lenyewe la kukwepa kiungo kibovu. Kataa salamu dhaifu kuanzia mwanzo, basi! Mstari mmoja wa programu: nguvu ya mawimbi ikiwa chini ya kiwango fulani, huyo si jirani. Kipimo cha kishamba, lakini kingetuokoa pale getini.

Nilikuwa na la betri, na la nodi jambazi, yaani kifaa kinachodai kinazijua njia zote halafu kinameza pakiti. Mwenyekiti ananionyesha saa. La jambazi ni kubwa, tutalimalizia kwenye chai. La betri mtanisamehe.