Ukingo Unaoyeyuka: Mhadhara kwa Mafundi wa Plastiki

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi wanafunzi mlioketi nyuma, asanteni kwa kuja. Namna bamba la plastiki linavyopashwa moto na kunyonywa hewa hadi likashika umbo la kalibu, hayo mnayajua. Leo tukae kwenye kazi inayofuata, ambayo wengi huiona ya kumalizia tu: kuondoa ukingo wa ziada, kutoboa matundu, kukata madirisha. Kifaa kikiharibika hapo, kimeshakula bamba, umeme na jasho la watu.

Pokeeni vipande hivi viwili mpitishiane. Vyote ni ABS, aina ya plastiki ngumu, vimetoka bamba moja, unene milimita 4. Pitisheni kidole ukingoni. Cha kwanza ni laini. Cha pili kina vinundu, kama nta ya mshumaa iliyochuruzika ikaganda. Aliyekata hiki cha pili si mzembe. Aliogopa kukiharibu, akapunguza mwendo, yaani kasi ya kisu kusogea mbele.

Tupige hesabu. Kisu cha jino moja kinazunguka mara 18,000 kwa dakika. Kikisogea mita 3.6 kwa dakika, kila mzunguko jino linachukua milimita 0.2, na ganda la unene huo, yaani kipande kinachobanduliwa na jino, huondoka na sehemu kubwa ya joto. Ukipunguza mwendo hadi mita 0.6, jino linapata milimita 0.03 tu. Hapo halikati tena, linasugua. Na kwa kuwa plastiki haisafirishi joto kama chuma, joto hubaki palepale, ukingo unalainika, maganda yanarudi kujibandika. Kwa hiyo ukiona ukingo umeyeyuka, kagua kwanza makali ya kisu, kisha ongeza mwendo au punguza mizunguko. Najua mkono unakataa kuongeza mwendo. Ulazimishe.

Joto lina hila nyingine, na hii ilinigharimu mimi mwenyewe. Tulikuwa na haraka ya kupakia mzigo wa vifuniko vikubwa. Vilitoka kwenye kalibu vikiwa bado na uvuguvugu, tukavikata na kuvitoboa hivyohivyo. Tulipima, vipimo vikakubali. Asubuhi yake matundu yakakataa kukutana na boliti. ABS yenye urefu wa mita 1 hufupika takriban milimita 0.8 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi inazopoa. Ikipoa nyuzi 30 baada ya kukatwa, umeshapoteza zaidi ya milimita 2. Polipropilini, plastiki ya aina nyingine, ni ngumu zaidi kuiamini, maana huendelea kusinyaa kwa saa nyingi hata baada ya kupoa mkononi. Tangu siku ile sikubali kifaa kikubwa kikatwe kabla hakijafikia joto la chumba, hata mwenye mzigo akisimama mlangoni.

Vikombe na trei nyembamba zina utaratibu wake: mara nyingi hukatwa kwa kisu cha kugonga, pengine zikiwa bado kwenye kalibu, na kusinyaa kwake huhesabiwa tangu kalibu inapochongwa. Leza nayo hukata akriliki, plastiki angavu kama kioo, vizuri, ukingo ukatoka unang'aa kama kioo. Lakini PVC, plastiki ya mabomba, msiiweke kwenye leza kamwe. Hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayounguza mapafu na kula chuma cha mashine.

Jambo la mwisho ni kona za ndani za dirisha. Kona kali hukusanya nguvu zote za mtikisiko, na ufa huanzia hapo, hasa kwenye akriliki. Iacheni kona iwe ya mviringo. Kama mnakata kwa msumeno, toboeni kwanza tundu kwenye kila kona, kisha msumeno uishie kwenye tundu.

Sasa nirudishieni vile vipande. Tukiweke kile cha pili mezani, tuwashe mashine, tuongeze mwendo kidogokidogo mpaka vinundu viishe, nanyi mniambie vimeisha kwenye mita ngapi.