Printa Haionekani? Anza na Anwani

Karibuni, ndugu washiriki. Leo tuna printa moja, kompyuta nyingi, na lalamiko ambalo kila fundi wa ofisi analijua: jana ilichapa, leo kompyuta inasema haipo. Umeme upo, karatasi zimo, tona haijaisha. Mara nyingi kilichobadilika ni anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi na intaneti, huzigawa anwani kwa muda maalumu. Printa ikizimwa siku kadhaa, ikiwashwa tena inaweza kupewa anwani nyingine, na kompyuta zinaendelea kutuma kazi kule kule kwa zamani, kama barua zinazopelekwa nyumba iliyohamwa. Ndiyo maana nasema kazi ya kufunga printa inaanzia kwenye anwani; draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, baadaye.

Unganisha printa na swichi (kifaa kinachokutanisha kebo za mtandao wa ofisi) kwa kebo ya mtandao isiyozidi mita 100. Kisha, kwenye menyu ya printa yenyewe, chapa ukurasa wa mipangilio. Tafuta vitu viwili: anwani ya IP na anwani ya MAC, kitambulisho kinachotoka nacho kiwandani, chenye herufi na tarakimu jumla 12. Ukiona IP inayoanza na 169.254, printa haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Usiguse kompyuta kwanza. Kagua kebo, tundu la ukutani, na taa ndogo ya pale kebo inapoingia.

Sasa ifunge anwani isihame. Unaweza kuiandika ndani ya printa, au kuihifadhi ndani ya ruta kwa kutumia MAC. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu mtu akiirudisha printa kwenye hali ya kiwandani, ruta bado itaipa anwani ile ile. Angalizo: WiFi na kebo za printa moja huwa na MAC tofauti, kwa hiyo hifadhi ile unayoitumia. Ukiamua kuandika ndani ya printa, chagua namba iliyo nje ya zile ruta inazogawa. Ruta ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 200, mpe printa 192.168.1.20. Ukichukua ya ndani, siku moja simu ya mtu itapewa namba hiyo hiyo. Hapo kazi moja inapita, nyingine inapotea, na tatizo linajificha kila ukija kulitazama.

Tuje kwenye kompyuta. Windows hupenda kuitafuta printa yenyewe na kuiwekea poti (njia ya kuifikia printa) ya WSD, mfumo wake wa kutafuta vifaa mtandaoni. Ikifanya kazi utafurahi, ila ndiyo poti inayopotea ovyo. Ongeza printa kwa mkono: chagua TCP/IP, andika anwani, itifaki iwe Raw, poti 9100. Draiva ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, ya modeli hiyo hasa. Kurasa zikitoka na alama zisizosomeka, mstari mmoja mmoja kila ukurasa, usikimbilie kusema ni virusi. PostScript na PCL ni lugha mbili za printa; kwa kawaida draiva ya PostScript inaongea na printa inayojua PCL tu.

Ukubwa wa karatasi nao husumbua. Faili imepangwa kwa Letter, milimita 216 kwa 279, na kwenye trei kuna A4, milimita 210 kwa 297. Printa inasimama kungoja karatasi isiyokuwepo, na foleni nzima inakwama nyuma yake. Weka A4 kwenye draiva, kwenye mipangilio ya trei, na kwenye programu unayoandikia.

Ikigoma, amri ya kwanza, ya kuuliza kama printa inaitika mtandaoni, ni ping 192.168.1.20. Isipojibu, jaribu kwenye kompyuta nyingine. Huenda hiyo ya kwanza iko kwenye WiFi ya wageni, ambayo mara nyingi hutengwa na mtandao wa ofisi. Ikijibu, achana na kebo, huenda tatizo liko kwenye kompyuta. Ikijibu lakini Windows inaionyesha haipo mtandaoni, fungua mipangilio ya poti uondoe tiki ya SNMP. Kompyuta huuliza hali ya printa kwa njia hiyo, na isipojibiwa hudhani imezimwa.

Foleni iliyoganda na haifutiki ina dawa yake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler (inasimamisha huduma ya foleni ya kuchapa), futa faili zilizomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe ibaki), kisha net start spooler. Kazi zote za mashine hiyo zitafutika, basi kama ni seva, watangazie watu kwanza.

Kuna anayeuliza habari ya kushiriki printa kupitia kompyuta ya mwenzake. Siipendekezi. Mwenzako akizima mashine, wote mmekwama. Tena, tangu masasisho ya usalama ya Windows ya mwaka 2021, njia hii huweza kuleta kosa 0x0000011b. Mitaani kuna dawa ya kubadilisha rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ili kosa lipotee. Inafanya kazi, lakini inalegeza ulinzi uliowekwa makusudi. Kila kompyuta iende kwa printa moja kwa moja kwa IP.

Kabla hujaondoka, fungua anwani ya printa kwenye kivinjari, weka nywila mpya ya msimamizi, na uhakikishe ruta haijafungua poti 9100 kwa intaneti. Poti hiyo haiulizi nywila: yeyote anayeifikia anaweza kuchapa.