Tulipimwa Korona Kila Wiki, Mbona Wazee Walikufa? Leo Najibu

Habari za saa hizi, ndugu zangu. Leo siwatembezi mjini wala siwaonyeshi maduka. Nimetoka zamu ya usiku, nimekaa hapa ukingoni mwa kitanda, na kuna swali linalokuja chini ya kila video tangu siku niliyosema kwamba kazi yangu ni kuhudumia wazee hapa Uingereza. Linakuja kwa sura tofauti ila ni lilelile: "Dada, nchi yenye pesa namna hiyo, na mlikuwa mnapimwa korona kila wiki. Mbona wazee waliisha kwenye hizo nyumba za kulelea wazee?"

Nikisema tulikuwa na vipimo vya bure mpaka makabati yakajaa, najua kuna mtu ataandika "anaringa". Nikisema nilikaa siku kumi sina hela, mwingine ataandika "si urudi, nani alikutuma". Yote nimeshaandikiwa. Kuna hata aliyeniita muosha vikongwe. Ndiyo, naosha wazee, na kazi hiyo naiheshimu. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama mtu anayeeleza alichokiona. Nazungumzia nyumba mbili nilizofanyia kazi, zote England, sehemu moja tu ya Uingereza. Wa Scotland au Wales ana yake, maana kanuni zao zilikwenda tofauti. Na mambo ya barakoa na kunawa mikono mnayajua, sirudii.

Kwanza niwasahihishe kidogo. Hatukupimwa tangu mwanzo. Mpaka tarehe 13 Machi 2020 mwongozo wa serikali kwa nyumba za wazee ulikuwa unasema ni vigumu sana mkazi wa humo kuambukizwa. Halafu ghafla, tarehe 17 Machi, hospitali zikaagizwa ziachie vitanda, na wagonjwa wapatao 25,000 wakahamishiwa kwenye nyumba za wazee kabla ya tarehe 15 Aprili, siku ilipotangazwa kwamba kila anayetoka hospitali kwenda huko apimwe kwanza. Hesabu nzuri mnaijua wenyewe: karibu mwezi mzima. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na tarehe 27 Aprili 2022 ikaamuliwa kwamba utaratibu ule haukuwa halali, kwa sababu haukuzingatia hatari ya mtu asiye na dalili kuingia na virusi. Na ndani ya nyumba zenyewe, mwanzoni walikuwa wanapimwa wakazi watano tu wa kwanza wenye dalili, ikithibitika mlipuko upo basi. Wa sita na wa saba hawapimwi.

Kati ya tarehe 2 Machi na 12 Juni 2020, wakazi 19,394 wa nyumba za wazee England na Wales walikufa vifo vilivyohusishwa na korona. Huo ni msimu mmoja tu. Mawimbi mengine yalikuja baadaye.

Sasa niwaeleze nilichokiona mimi mwezi Aprili. Kulikuwa na bibi wa chumba namba tisa. Alikuwa amepoteza kumbukumbu, lakini miguu yake ilikuwa mizima, na kila usiku baada ya saa nane alitoka kutembea. Ukutani kuna reli ya mbao ya kujishikilia, inazunguka korido nzima. Alikuwa anaishika kwa mkono wa kulia, anakwenda mpaka mwisho, anagusa kitasa cha kila mlango kana kwamba anahesabu, kisha anarudi. Usiku mmoja hakumaliza chai yake. Kesho yake akateleza kutoka kwenye kiti mara mbili. Nikampima joto: 36.4. Kikohozi hana. Kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini dalili zilikuwa mbili, homa na kikohozi kinachoendelea. Kwa karatasi ile bibi alikuwa mzima. Nikaandika kwenye kitabu "amechoka, hana hamu ya kula", na usiku ule akatoka tena, mkono kwenye reli, mlango baada ya mlango. Alipopelekwa hospitali kwa sababu ya kuanguka ndipo wakampima wakamkuta nayo. Hakurudi.

Leo kila mhudumu anafundishwa kwamba mzee anaweza kuumwa bila homa: anachanganyikiwa kuliko kawaida, anaanguka, anaacha kula, analala mno. Wakati ule tulijifunzia juu ya wazee wenyewe. Wenzetu Marekani, jimbo la Washington, walishaligundua mapema mwaka huohuo: kwenye nyumba moja walipima karibu wakazi wote, wakapata 48 wenye virusi, na 27 kati yao siku ile hawakuwa na dalili yoyote. Zaidi ya nusu. Ukisubiri mtu akohoe ndipo umpime, umechelewa.

Kwa hiyo upimaji wa kila mtu ulikuwa jambo sahihi, na nausifu. Ulitangazwa mwishoni mwa Aprili 2020, na kuanzia Julai kanuni ikawa wafanyakazi kila wiki, wakazi kila siku 28. Ila kipimo kile kilikwenda maabara. Kwetu majibu yaliweza kuchukua siku tatu, nne. Hebu fikiria: unachukuliwa kipimo Jumatatu, unaambiwa Alhamisi kwamba unayo, na katikati umeshafanya zamu mbili, umewalisha watu kumi na mmoja kwa kijiko. Ndiyo maana Desemba 2020 vilipokuja vipimo vya haraka tukapumua. Mara mbili kwa wiki, juu ya kile cha maabara.

Kwetu kilifanyika kwenye chumba kilichokuwa saluni ya wazee. Vioo bado vipo, na ile mashine ya kukaushia nywele imesukumwa pembeni. Unafika nusu saa kabla ya zamu, unatakasa mikono, unaingiza kijiti kooni mpaka machozi yanatoka, halafu puani. Unakizungusha kwenye kichupa chenye maji ya dawa, unadondosha matone mawili kwenye kidude cha plastiki, unaweka saa dakika thelathini. Mstari mmoja kwenye herufi C, ingia kazini. Ukitokea wa pili kwenye T, rudi nyumbani.

Januari 2021, saa kumi na mbili na nusu jioni, wa kwangu ulitokea. Hafifu, kama alama ya penseli iliyofutwa. Niliushika karibu na taa, nikaugeuza. Sitawadanganya, kitu cha kwanza kuja kichwani hakikuwa kifo. Ilikuwa kodi ya nyumba.

Hapa ndipo jibu la swali lenu lilipo, na ndipo watu wengi hawapaangalii.

Mimi sikuajiriwa na ile nyumba. Niliajiriwa na wakala anayepeleka wahudumu sehemu mbalimbali, kwa mkataba usiokuahidi hata saa moja ya kazi. Ukiitwa unalipwa, usipoitwa unakaa. Zamu nne za usiku ni saa 48, kwa kima cha chini cha wakati ule cha pauni 8.72 kwa saa, unapata kama pauni 418 kabla ya makato. Ukijitenga siku kumi, malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Toa wenyewe moja kwenye nyingine.

Sasa serikali ilikuwa imetenga fedha kwa ajili hiyohiyo. Mei 2020 ulianzishwa mfuko wa kudhibiti maambukizi wa pauni milioni 600, kisha Oktoba ukaongezwa wa milioni 546, na moja ya kazi zake ilikuwa nyumba za wazee ziwalipe wahudumu mshahara wao wa kawaida wakijitenga. Nikapiga simu kwenye nyumba. Wakaniambia wewe ni wa wakala, waulize wao. Nikampigia wakala. Akaniambia fedha ilikwenda kwenye nyumba, waulize wao. Nilizunguka hivyo siku tatu nikiwa na homa, simu sikioni, nikisikiliza muziki wa kusubiri.

Kulikuwa na msaada mwingine wa pauni 500 kwa mtu wa kipato kidogo aliyeambiwa ajitenge. Sharti kuu ni uwe unapokea mojawapo ya misaada ya serikali. Visa yangu ilikuwa ya ndoa, na imeandikwa wazi kwamba sina haki ya fedha za umma. Halmashauri zilikuwa na fungu la pembeni kwa wasiokidhi sharti hilo, kwa hiyo nikajaza fomu. Wakataka hati ya malipo ya miezi miwili. Nikatuma. Wakataka barua ya mwajiri inayosema nimepoteza kipato. Wakala akachukua siku tisa kuiandika, na jina langu akalikosea. Barua ya kukataliwa ilifika wakati nimesharudi kazini wiki ya nne.

Na niongeze hili, linaniuma mpaka leo. Wakati watu wanatoka milangoni kwao kila Alhamisi kutupigia makofi ya shukrani, sisi wenye visa tulikuwa tumelipishwa ada ya afya, pauni 400 kwa kila mwaka wa visa, na Oktoba 2020 ikapanda mpaka 624. Tulilipia hospitali ambazo sisi wenyewe tulikuwa tunazipunguzia mzigo. Mei 2020 waliahidi kutuondolea wahudumu, na kweli utaratibu wa kurudishiwa ukaja, kwa awamu za miezi sita sita, kwa makaratasi. Niliipata ya kwangu. Ilichukua muda, na ilitaka vikaratasi vya mshahara vya wakala mmoja ambaye alikuwa ameshafunga ofisi. Nashukuru niliipata, kuna wenzangu waliacha njiani.

Turudi kwenye kipimo. Baada ya mimi kurudi, siku moja niliingia saluni ile nikamkuta mwenzangu, mama wa watoto watatu, anachukua kijiti. Alikipitisha ndani ya shavu mara moja, akakichovya, akadondosha. Kooni hakufika, puani hakufika. Tukaangaliana kwenye kioo. Akaniambia, "Dada, mimi siku kumi sina." Sikumjibu kitu. Sikumripoti, na hilo nalisema hapa wazi mkitaka nihukumuni. Nilikuwa nimetoka kula maharage wiki mbili, na nilijua anachomaanisha.

Kwa hiyo mkiniuliza mbona tulipimwa na wazee wakafa, jibu langu mimi ni kwamba kipimo kinamwambia mhudumu akae nyumbani, na asipolipwa akikaa nyumbani, atatafuta namna ya kutokiona. Na siyo maneno yangu peke yangu. Mwaka 2020 ulifanyika utafiti mkubwa unaoitwa Vivaldi katika nyumba za wazee za England. Uliona kwamba nyumba zilizowalipa wafanyakazi wakiumwa zilikuwa na maambukizi machache kwa wakazi, na zile zilizotumia wahudumu wa wakala karibu kila siku zilikuwa na mengi zaidi. Wa wakala ni mimi. Jumatatu nyumba hii, Jumatano ile, basi moja, viatu vilevile. Baadaye tukaambiwa tuchague nyumba moja tu. Sawa kabisa kwa wazee, ila saa za nyumba ya pili hakuna aliyeniambia zitafidiwa na nani.

Kuna wanaoandika, "sisi huku tunalea wazee wetu wenyewe." Sibishani na hilo leo. Mama yangu yuko nyumbani na analelewa na dada zangu, na hela ya dawa inatoka kwenye kazi hii.

Sasa kwa walio ndani ya kazi hii tayari, hapa au nchi nyingine, nawapa ninayofanya mimi. Ni yangu, mazingira yako wewe unayajua. Mzee akibadilika ghafla, hata joto likiwa sawa, naomba apimwe na naandika saa niliyoomba. Wakiugua watu wawili ugonjwa uleule ndani ya siku chache hapa huhesabiwa mlipuko, na mimi huo wakati nakataa kuhamishwa ghorofa. Wahudumu wa upande wenye ugonjwa wabaki upande huo. Kukiwa na kuharisha na kutapika natumia maji na sabuni, maana kitakasa mikono cha spiriti hakiviwezi vizuri virusi vya norovirus. Glavu navua kwanza, aproni baadaye, barakoa mwisho kabisa nikiwa nimetoka chumbani. Na reli ya ukutani naifuta mwenyewe usiku, hata kama siyo zamu yangu ya usafi.

Kwa mnaotaka kuja: njia ya visa ya kuajiriwa mhudumu kutoka nje ya Uingereza ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayewauzia karatasi ya udhamini wa kazi hiyo leo anawala hela. Nimeshalisema, mtu akaniambia nimefika nafunga mlango. Sikuufunga mimi.

Na wewe mdogo wangu uliyenitumia mkataba wako ukauliza kama ni mzuri: mshahara siwezi kukushauri, ni maisha yako. Ila fungua ukurasa wa mwisho kabla ya sahihi, tafuta kifungu cha ugonjwa, uone ukipimwa ukakutwa na kitu unalipwa kiasi gani, kuanzia siku ya ngapi, na nani. Kama hakimo, waandikie wakujibu kwa barua pepe, siyo kwa simu. Kisha niandikie walichosema. Mimi ngoja nilale, saa moja jioni naingia tena.