Mbwa Hujifunza Lile Alilolipwa

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Wengine mmenisikia nikisema haya mara tatu, nne. Nitayasema tena, kwa sababu asubuhi hii nikija huku nimepita penye lango la mtu aliyekuwa akimchapa mbwa wake kwa ndara, eti ameambiwa "kaa" na hakukaa. Mbwa mwenyewe alikuwa amejilaza chini, mkia ameufyata, na bado anachapwa. Alichojifunza leo ni kwamba neno "kaa" huja na ndara.

Kwa hiyo habari za kuchagua mtoto wa mbwa na kujenga kibanda sitazigusa. Nina swali moja. Tangu kupambazuke, mbwa wako umemlipa kwa kufanya nini? Msiniambie hamjamlipa. Mmemlipa.

Kuna familia moja kule Kiamunyi iliyoniita kwa sababu mbwa wao, dume kubwa la kienyeji, alikuwa akirukia kila anayeingia. "Tumemkataza miaka miwili, hasikii." Nikawaomba wasinieleze, wanionyeshe tu. Baba akatoka nje ya lango, akaingia tena kama mtu anayetoka kazini. Mbwa akaja mbio, akamrukia kifuani. Baba akamsukuma kwa mikono miwili, akipaza sauti: "Simba, toka! Simba!" Mbwa akaruka tena, kwa furaha kuliko mara ya kwanza. Jamani! Mbwa huyu hufungiwa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mchana kutwa haguswi, hatazamwi, haitwi jina. Jioni anaruka, na papo hapo anapata mikono miwili kifuani, macho ya bwana wake, na jina lake mara mbili. Kwake hiyo ni karamu. Miaka miwili, kila jioni, wamekuwa wakimlipa aruke, naye akaruka.

Tukabadilisha malipo. Akiruka, unamgeuzia mgongo. Hakuna neno, hakuna mkono. Miguu yote minne ikitua chini, hapo hapo unasema "safi!" na kumwekea omena moja, yaani dagaa, chini mbele ya miguu yake. Siku tatu mambo yakaenda vizuri. Siku ya nne akaanza kuruka kuliko zamani. Nikapigiwa simu, nikaenda, nikaketi kibarazani kutazama. Kitinda mimba wao akarudi kutoka shule na kipande cha mandazi mkononi. Mbwa akamrukia, mtoto akacheka, mandazi ikaenda. Hakuna aliyekuwa amemweleza mtoto jambo hili! Malipo ya mmoja yakabomoa kazi ya watu wanne. Tukaanza upya, na safari hii mtoto ndiye aliyekabidhiwa kikombe cha omena. Wiki ya tatu nilipofungua lango, Simba alikuja mbio, akasimama hatua mbili mbele yangu, akaketi mwenyewe bila kuambiwa, mkia ukifagia vumbi huku na huku, macho kwenye mfuko wangu. Hakuguswa na fimbo hata siku moja.

Najua kuna mzee hapa ananingoja na methali: ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Mzee wangu, methali hiyo naiheshimu. Inasema juu ya mazoea yasiyo na mpaka. Mchezo ninaousema mimi huanza nikisema na huisha nikisema. Mbwa aliyefundishwa kuketi mlangoni mpaka aitwe ndiye asiyeingia msikitini.

Na wale wa "mbwa wangu ni wa ulinzi, michezo itamlegeza": mbwa haachi kubwekea mgeni usiku kwa sababu mchana amejifunza kutoa mkono. Mfundishe "wacha". Weka kipande kwenye kiganja, ufunge ngumi. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Nyamaza. Siku atakaporudisha pua nyuma yeye mwenyewe, "safi!", na umpe kingine kutoka mkono wa pili. Mbwa anayeacha chakula kilicho mbele ya pua yake kwa neno lako ni mlegevu huyo?

Haya, tufike kwenye kuketi kwenyewe. Shika omena puani pake, uinue polepole ukiipeleka nyuma, juu ya kichwa. Pua inafuata, kichwa kinainuka, matako yanashuka yenyewe. Usimkandamize mgongo. Matako yakigusa chini tu, "safi!", halafu omena. Ukianza kupekua mfuko wakati huo, ameshasimama, na ulicholipia ni kusimama. Ndiyo kazi ya neno "safi": linafika kabla ya mkono. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wakidondokwa mate hata kabla chakula hakijafika, kwa dalili tu kwamba kinakuja. Wako pia hufanya hivyo akisikia mwiko ukikwaruza sufuria ya ugali. Basi "safi" ligeuze kuwa mwiko huo: siku ya kwanza liseme na kumpa, mara ishirini hivi, bila kumdai chochote. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka wa 1951 jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kufanya haya kwa kidude kinacholia "tik". Mimi natumia kifuniko cha chupa ya jamu, kile kinachobonyea katikati.

Kwa nini omena? Ni ndogo, inanuka, anaimeza mara moja na kurudi kazini. Ukimpa mfupa amekwenda nao nyuma ya nyumba, na somo limekwisha. Lakini iwe kavu, ile ya sokoni. Ya jikoni ina chumvi na kitunguu, na kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Vunja kila moja mara mbili, na ugali wa jioni upunguze kidogo.

Neno la amri lije mwisho, akishajua tendo. Na liwe moja! Hapa Nakuru nimeingia nyumba ambayo baba anasema "sit", nyanya anasema "ikara thĩ", dada wa kazi kutoka Kisumu anasema "bed piny", watoto wanasema "kaa", halafu wote wanasema mbwa ni mjinga. Tena "kaa" lenyewe silipendi. Tunalisema kutwa: kaa hapo, kaa kando, kaa hujalipa, kaa hutaki. Mbwa atajuaje lililo lake? Chukueni "keti", liandikwe kwenye karatasi mlangoni.

Naonyeshwa saa. Basi upesi: samaki mkunje angali mbichi ni kweli kwa samaki, lakini mbwa wa miaka minane hujifunza, nimemfundisha. Kutoa mkono ni ile ngumi ya omena, ila hapa unalipia mguu ukigusa ngumi. Kuzunguka, iongoze pua kwa duara. Dakika tano, mara mbili kwa siku, na uache angali anataka. Watoto wa mbwa msiwasimamishe kwa miguu ya nyuma. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Yule ambaye hajachanjwa asiletwe hapa kuchezewa na watoto wa watu. Kutembea na kamba nitaongea siku nyingine.

Sasa tutoke nje. Kijana mwenye mbwa wa madoa, shika kamba yake usimvute. Wengine simameni kando ya ukuta, na wewe peke yako ndiye utakayesema neno.