Tumbo la tanga: namna ya kulisoma na kulirekebisha ukiwa kwenye ngalawa

Assalamu alaykum, karibuni. Leo tuko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yamejaa, upepo wa kusi unavuma kwa kiasi, na hii hapa nyuma yangu ni ngalawa ya kuazima. Mwenyewe kanipa sharti moja tu: isirudi na ndubi iliyovunjika, yaani yale magogo ya kuelea ubavuni.

Video iliyopita tulitweka tanga tukashika usukani. Wengi mkaniuliza swali lile lile: "Tumetweka, tanga limejaa, mbona hatwendi?" Jibu limo humo humo katika neno hilo, limejaa. Tanga linaweza kujaa, likapendeza kwenye picha, na chombo kikabaki kinaeleaelea kama kifuu. Chombo hakiendeshwi na wingi wa upepo ulioingia tangani. Kinaendeshwa na namna tanga linavyoupinda upepo huo. Kwa hiyo leo kazi yetu ni moja: tumbo la tanga, liwe na kina gani, likae wapi, na utajuaje kama limekaa sawa.

Tunaanzia jikoni. Sifanyi mzaha. Chukua kijiko kikubwa, fungua mfereji, maji yatoke mkondo mwembamba usiokatika. Kishike kijiko kwenye ncha ya mpini kwa vidole viwili, kilegee, kining'inie upande wa kushoto wa maji. Sasa mgongo wake, siyo upande wa kutilia chakula, usogeze taratibu mpaka uguse maji. Kijana wa kamera, njoo karibu hapa. Mmeona? Mtu angetaraji maji yakisukume kijiko nje. Badala yake kimevutwa ndani, kimeng'ang'ania mkondo. Sasa yatazameni maji yenyewe: yameufuata mgongo wa kijiko, na pale chini yanatoka yamepinda kwenda kushoto. Maji yamekwenda kushoto, kijiko kimekwenda kulia.

Basi tanga lako ni hicho kijiko. Upepo unaopita mgongoni mwa tanga, upande wa demani, yaani ule usiotokea upepo, unaufuata mkunjo wa kitambaa na kutoka umepindwa kuelekea nyuma. Tanga nalo linavutwa upande wa pili, kando na mbele. Ukitaka lugha ya skuli: mgongoni hewa inakwenda kasi na mgandamizo wake unapungua, ndani ya tumbo inapunguza mwendo na mgandamizo unapanda. Tofauti hiyo ya mgandamizo ndiyo kani inayokuvuta. Uhusiano wa kasi na mgandamizo aliuandika mwanahisabati Daniel Bernoulli mwaka 1738, yeye akishughulika na maji.

Hapa nipisheni niseme kitu kimoja kinachonikera. Mtasikia watu wanaeleza kwamba hewa ya mgongoni inakimbia kwa sababu njia yake ni ndefu, na ni lazima ikutane na mwenzake wa ndani pale nyuma kwa wakati mmoja. Hakuna miadi ya namna hiyo. Hewa ya mgongoni hufika mapema kuliko ya ndani. Isitoshe, tanga ni kitambaa chembamba, njia ya mgongoni na ya ndani zina urefu ule ule. Maelezo hayo yasahauni.

Utauliza, kama kani kubwa inavuta kando, mbona chombo kinakwenda mbele? Chukua kokwa ya fenesi, ile inayoteleza, ibane kwa vidole viwili. Inachomoka, na haiendi upande wa kidole chochote. Tanga linabana kutoka juu, na ngalawa kwa wembamba wake na urefu wake inakataa kusogea ubavu, maji yanaibana kutoka chini. Inachomokea mbele. Kidogo itasukumwa ubavuni, hilo halikwepeki, ngalawa haina mkuku mrefu chini yake wa kuizuia.

Haya, sasa tanga lenyewe. Tukiwa bado ufukweni, mtu mmoja ashike demani, hapa nasema ile kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, tanga lishike upepo kidogo tu. Chukua uzi, mmoja aushike kwenye foromali, ule mti unaofungiwa tanga, ambao kwetu ndio ukingo wa mbele wa tanga, mwengine auvute mpaka ukingo wa nyuma, kimo cha katikati. Uzi ukae sawa na upepo, sambamba na maji. Kisha pima kwa mkono kutoka kwenye uzi mpaka kitambaa kilipozama zaidi. Hapa uzi wangu una mita tatu, na kina ni shibiri moja na nusu hivi, tuseme sentimita 30. Sehemu moja kwa kumi. Hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa upepo wa leo.

Muhimu kuliko kina ni mahali kina kilipo. Tumbo linatakiwa likae mbele ya katikati, kuanzia kwenye thuluthi ya kwanza hivi. Tanga jipya hukaa hivyo lenyewe. Tanga lililochoka, kama hili lenye viraka vinne, kitambaa kimevutika na tumbo limehamia nyuma. Mnaona huku nyuma linavyojikunja kama kiganja? Hicho kiganja ni breki. Upepo ukifika hapo hautoki kwa amani, unakulaza ubavu na kukuvuta nyuma.

Dawa yake ni kufungua zile kamba zinazolifunga tanga kwenye foromali na kulifunga upya, ukingo wa mbele umevutwa ukakaza. Anza ncha ya chini, vuta kitambaa kuelekea ncha ya juu, funga, endelea. Usikimbilie. Ukingo wa mbele ukikaza, tumbo linasogea mbele. Wenye vidau vya mashindano kama Laser wana kamba maalumu ya kuuvuta ukingo huo chini hata wakiwa majini. Sisi kazi hii tunaimaliza nchi kavu, kwa hiyo lazima uuangalie upepo wa siku kabla ya kutoka.

Na upepo wa siku unataka tumbo lake. Wastani kama huu, moja kwa kumi. Upepo ukiwa mkali, lipunguze tumbo, tanga liwe bapa, maana nguvu inapanda haraka kuliko unavyodhani: upepo ukitoka kilomita 15 kwa saa ukafika 30, nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, mwanafunzi hana kazi baharini, kaa ushone viraka. Upepo ukiwa dhaifu, tumbo liongezwe. Lakini ukiwa ule wa kuvizia, hata moshi haupindi, liwe bapa kidogo tena, kwa sababu hewa inayosota haina nguvu ya kuufuata mkunjo mkubwa. Inaachana na mgongo wa tanga njiani.

Sasa nyuzi. Hiki ndicho kifaa bora na bei yake ni bure. Kata uzi wa kufumia, mweusi, urefu wa shibiri. Kama una kaseti ya zamani isiyolia tena, utepe wake ni bora zaidi, haushiki maji. Toboa tanga kwa sindano, mkono mmoja nyuma ya foromali, pitisha uzi, piga fundo kila upande, ubaki ukining'inia pande zote mbili. Fanya hivyo pahala patatu: chini, katikati, juu. Ongeza mmoja kwenye pindo la nyuma kabisa. Kwa nini mweusi? Kwa sababu uzi wa upande wa pili huuoni moja kwa moja, unaona kivuli chake kwenye kitambaa jua likiwa upande huo.

Tusukume. Moja, mbili, haya!

Tuko majini. Upepo unatoka kulia kwangu, kwa hiyo kulia ndiyo joshini, kushoto demanini. Kwanza nalegeza demani. Nalegeza, nalegeza, mpaka tanga linapiga makofi huku mbele kwenye foromali. Mmesikia? Sasa navuta pole pole. Makofi yanapungua, yanapungua, yamenyamaza. Hapo hapo. Simama. Usivute hata dhiraa moja zaidi.

Najua mkono wako unataka kuvuta. Hata mimi nilipoanza nikiamini tanga lililokazwa ndilo linalokwenda, nikawa navuta demani mpaka viganja vinachubuka. Siku moja mzee mmoja akanipita na ngalawa kuukuu kuliko yangu, tanga lake la viroba, amekaa kama anakunywa kahawa. Akanipigia kelele: "Limekabwa hilo, lipe pumzi!" Nikalegeza kwa hasira, ngalawa ikaruka. Nilikuwa nimelikaba tanga kiasi kwamba hewa ya mgongoni haiwezi kukata kona ile, inachomoka na kuzungukazunguka ovyo. Kile kijiko cha jikoni kimeachana na maji. Tanga bado limejaa, bado linavuta, lakini linavuta ubavuni na kukulaza.

Basi zitazameni nyuzi. Za joshini zimelala, zinatiririka nyuma. Vivuli vya demanini navyo vimelala. Pande zote zikilala, tanga limekaa. Sasa nalikaba makusudi, angalieni kivuli. Kinacheza, kinapanda, kinaanguka. Hewa imeachana na mgongo. Nalegeza, kimelala. Sasa nalegeza kupita kiasi. Uzi wa joshini ndio unaocheza sasa. Navuta, umelala. Kanuni ni rahisi: lisogeze tanga upande wa uzi unaocheza. Unacheza joshini, vuta demani. Unacheza demanini, legeza.

Ukiwa unapiga bisho, yaani unakwenda kuelekea unakotoka upepo, demani umeishika pale pale na hutaki kuisogeza, basi nyuzi hizo hizo zikuongozee usukani. Uzi wa joshini ukicheza, umeukaribia upepo mno, jitenge nao kidogo. Wa demanini ukicheza, umejitenga mno, ukaribie. Kidau cha kisasa kinaweza kwenda kama digrii 45 kutoka unakotoka upepo. Ngalawa haifiki hapo, usilazimishe.

Kuna jambo litakuchanganya. Tukianza kwenda kasi, upepo utauhisi umehamia mbele. Ni kama uko kwenye pikipiki siku isiyo na upepo, uso unapigwa tu. Tanga haliujui upepo wa ufukweni, linaujua huo linaokutana nao. Kwa hiyo chombo kikishika mwendo, nyuzi za joshini zitaanza kucheza bila wewe kufanya kosa lolote. Vuta demani kidogo uufuate.

Sasa inueni macho juu. Uzi wa chini umelala, wa juu kabisa kivuli chake kinacheza. Si ajabu. Karibu na maji upepo unakwaruzana na mawimbi, unapunguza mwendo. Huko juu unakwenda kasi zaidi, na kwa chombo kinachotembea unaonekana kutokea nyuma zaidi. Kwa hiyo tanga linatakiwa lijisokote, juu liwe limefunguka kuliko chini. Foromali inatusaidia. Ni miti miwili iliyounganishwa kwa kamba, ya juu nyembamba. Dharuba ikija, ncha ile inapinda yenyewe, inaachia upepo wa juu, na ngalawa hailali sana. Fundi aliyeichonga ncha hiyo alijua anachofanya, msiibadilishe na bomba la chuma kwa sababu tu ni imara. Nimeona mtu kafanya hivyo.

Dharuba hiyo hapo, inakuja, mnaona maji yameingia weusi? Nalegeza demani kabla haijanifikia. Imepita. Navuta tena. Mwenzangu anakaa nje kwenye mti wa ndubi ya joshini. Demani haifungwi fundo, inashikwa mkononi.

Nageuka sasa turudi, upepo umekuja nyuma, tanga mbele. Hapa kila nilichosema kuhusu nyuzi kinakwisha. Zinaning'inia kama nguo kwenye kamba, na ndivyo inavyotakiwa. Upepo hauufuati mgongo tena, unasukuma tu. Kinachotakiwa ni eneo: legeza demani mpaka tanga lisimame kama mlango mbele ya upepo. Mitepe, vyombo vya zamani vya visiwa vya Lamu, ilikuwa na tanga la mraba la mkeka, na kwa mwendo huu ilitosha kabisa. Taabu ilikuwa kurudi. Ila ninyi mkiwa tanga mbele, chungeni usukani. Upepo ukishika tanga kwa nyuma, foromali inazunguka na kichwa chako kiko njiani.

Kwa wiki hii fanyeni zoezi moja tu. Mmoja ashike demani, afumbe macho, mwengine aangalie nyuzi. Mwenye demani alegeze mpaka asikie makofi, avute mpaka yanyamaze, aseme "hapo". Mwenzake amwambie nyuzi zinasemaje. Mara 20, kisha mbadilishane.

Nami niwaache. Maji yameanza kupwa, kina mama wa mwani wale wanashuka na viroba vyao, na tukichelewa tutaikokota ngalawa ya watu juu ya mchanga mpaka magharibi. Kijana, weka kamera chini, njoo tutue tanga.