Unga Ghalani Bado Si Mkate

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Vita vikizuka, wengi huuliza kwanza kama ngano inatosha. Mimi naomba tuulize pia: dizeli je? Mkate unataka unga, ndiyo, lakini unataka na maji, hamira, moto wa tanuri, na mwokaji anayeweza kufika kazini usiku wa manane bila kupigwa risasi. Kikikosekana kimoja, magunia hubaki magunia.

Mji wa Leningrad katika Muungano wa Sovieti ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, posho ya mkate kwa watoto ilishuka hadi gramu 125 kwa siku mnamo Novemba 1941. Hilo hutajwa sana. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba katika baridi ile maji ya bomba yalikatika, na watu wenye njaa wakajipanga mstari, wakapokezana ndoo kutoka mto Neva ili kiwanda cha mikate kisisimame. Unga kidogo uliokuwapo usingeliwa bila ndoo zile. Na huko Gaza, mwishoni mwa Machi 2025, viwanda vyote 25 vya mikate vilivyosaidiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani vilifungwa: unga uliisha, na gesi ya kupikia nayo ikaisha.

Jambo la pili ni kurundika akiba mahali pamoja. Mlipuko wa bandari ya Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, uliharibu maghala yenye uwezo wa kuhifadhi tani 120,000 za nafaka. Kwa siku moja tu! Akiba igawanywe, hata kama gharama itapanda.

Tanuri nazo zigawanywe, na hapa sitaki kupunguza makali ya maneno. Desemba 2012, katika mji wa Halfaya nchini Syria, watu waliokuwa kwenye foleni ya mkate walishambuliwa kutoka angani. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, yaani nyongeza ya Mikataba ya Geneva inayoweka sheria za vita, inakataza kushambulia vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, lakini foleni ndefu bado ni hatari. Tanuri ndogo mitaani, mikate ikipelekwa karibu na makazi, hupunguza msongamano huo.

Kwa hiyo, nyinyi mnaoandaa mikataba ya kupitisha misaada, msiandike “chakula” mkaishia hapo. Tajeni mafuta, hamira, vipuri vya jenereta na vibali vya waokaji kutembea usiku. Kisichotajwa kwenye karatasi ndicho kinachozuiwa kwenye vizuizi vya barabarani.