Kuba kwa Nje, Kuba Ukiwa Mezani

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni. Arusha ndiyo makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, na jengo lao la ghorofa 17 lilizinduliwa Septemba 2023. Lakini nikisema nakusanya stempu, naulizwa kama ni zile za kodi za kwenye chupa za bia. Hapana jamani, ni za barua.

Jioni hii nimeleta mbili, zote za jengo moja: Maktaba ya Bunge la Marekani, pale Washington, jengo lililofunguliwa 1897. Ya kwanza ni ya 1982, senti 20, kazi ya Bradbury Thompson. Jengo umelikabili kwa nje, limekutazama usoni, kuba, yaani paa la mviringo, juu kabisa. Linatisha kidogo, nisiwafiche. Mtoto wa shule akilikuta hivyo atasubiri mtu mwingine atangulie kuingia.

Ya pili ilitoka 2000, maktaba yenyewe, iliyolitangulia jengo hili, ilipotimiza miaka 200, senti 33. Kuba ni ileile, ila safari hii tumeingia. Unaliona tumbo la kuba la chumba kikuu cha kusomea, na madirisha ya matao chini yake. Sasa jiulizeni: nani huiona kuba namna hiyo? Ni msomaji aliyechoka, kafunika kitabu kwa kiganja, kainua shingo. Stempu ya kwanza ni ya mgeni, hii ya pili ni ya mwenyeji. Mimi ningebadilisha kumi za kwanza kwa moja ya pili, ingawa wakusanyaji wenzangu watanicheka.

Ugumu wa jengo kwenye stempu ni udogo. Chukueni maktaba mpya ya Aleksandria, kule Misri, iliyozinduliwa Oktoba 2002. Ukuta wake wa mawe ya Aswan umechongwa herufi za maandishi ya mataifa mengi ya dunia. Kwenye kipande cha karatasi kinachofunikwa na kidole gumba, herufi zile zingekuwa vumbi tu. Mchoraji inabidi achague: paa lile la duara lililolala mshazari, au ukuta.

Na sisi? Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, aliifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ningepewa kazi ya kuichorea stempu, nisingesimama barabarani. Ningekaa ndani, nichore meza, daftari lililofunguliwa na sweta lililoachwa kwenye kiti kumshikia mtu nafasi.

Haya, zinapita mkononi. Lenzi ninayo moja, tugawane. Shikeni kwa kibano, si kwa vidole; jasho linaharibu gundi. Na ile ya 2000, mama uliyekaa mwisho, naomba uirudishe huku mbele.